Mita Sita za Mbele: Kwa Nyinyi Mliokuja Atachimenti

Wadogo zangu, wiki hii nimepitia rasimu tatu za viwango vya kupanga na kujenga vituo vya mitaa, na zote tatu nazijua. Niliziandika mimi, zamani, kwa makosa yayo hayo, ila nyinyi mna kompyuta nzuri zaidi. Basi kabla wino mwekundu haujaniishia, someni haya. Nimeyatia nambari ili mdhani yana mpangilio.

1. Pimeni njia, msipime anga. Najua mlivyofundishwa: mita 400, mwendo wa dakika tano, mahitaji yote ya kila siku yawe humo. Mmoja wenu (simtaji, anajijua) ameweka ncha ya bikari sokoni kwenye ramani, akazungusha, duara likavuka hori ya Tudor, Mombasa, hadi ng'ambo, na nyumba za huko akazihesabu kuwa ni wateja. Waje kwa kuogelea? Hata pasipo na maji, kuna ukuta wa shule, kuna mtaro usio na kivuko, kuna geti linalofungwa saa mbili usiku. Mita 400 za kwenye ramani hugeuka kilomita. Tena mkapime saa saba mchana, kaskazi, mmebeba mzigo. Mimi nilibeba tikitimaji. Mita ya 250 haijafika, nikapanda tuktuk.

2. Rangi za kwenye ramani ya mpango. Kahawia makazi, nyekundu biashara, hiyo tunaijua. Sasa ile nyumba yenye duka chini, fundi cherehani kwenye ukumbi na familia mbili juu, mwaipaka nini? Kutenganisha nyumba na duka kulipata baraka za Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1926, kwenye kesi ya kijiji cha Euclid, jimbo la Ohio. Wale walikuwa na viwanda vyao na hofu zao. Sisi watu wetu hununua chumvi mchuzi ukiwa jikoni. Andikeni matumizi mseto kwa jina lake, orodhesheni yanayokatazwa, mengine yaacheni yaishi.

3. Hili ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa kituo kidogo upande wa bara: njia panda, stendi ya matatu, msikiti, duka la dawa, kinu cha kusaga, na safu ya nyumba za Kiswahili zenye baraza mbele. Nikaambiwa niandike viwango vya ujenzi mpya ili pawe pahali pa watu kutembea. Nilifurahi. Nikafungua viwango vya nje, nikachukua kioo: asilimia 60 ya ukuta wa chini unaotazama barabara iwe ni dirisha, mpita njia aone ndani. Kisha, kwa kuwa sikuwa na nambari ya umbali wa jengo kutoka barabarani, nikaichukua kwenye mpango wa mtaa wa mabangalo: mita sita, zisizopungua. Maegesho nikayatoa hukohuko: gari moja kwa kila mita 30 za mraba za duka.

Kila sharti lilikuwa na akili kwao lilikotoka. Sikuyakutanisha hata siku moja kwenye ploti moja.

Ploti ya kwanza kujengwa ilikuwa ya hamsini kwa mia, upana wa mbele kama mita 15. Maduka ya chini mita 180 za mraba. Gawanya kwa 30, magari sita. Gari moja linataka upana wa mita mbili na nusu. Mara sita, kumi na tano. Yaani upana wote wa ploti ni magari, ukingo wa barabara umeshushwa wote ili magari yapande, na kila gari likitoka linarudi kinyumenyume juu ya njia ya wapita kwa miguu. Urefu wa gari mita tano, katika zile sita za mbele ikabaki kama mita moja ya kufikia mlango. Hesabu ilitimia hadi nikaogopa. Na kile kioo kilitazama magharibi. Mwenye duka la vitambaa alistahimili wiki mbili, vitambaa vikaanza kupauka, akakibandika magazeti chote.

Ili hayo yasimame, baraza iliyokuwapo ilivunjwa. Kwa kanuni zangu ilikuwa imetokeza mbele ya mstari wa jengo, ule ambao jengo halitakiwi kuuvuka kuelekea barabarani. Hapo palikuwa na mzee akikaa kila baada ya Alasiri, na muuza kahawa na dele lake na kashata. Nilipokwenda kukagua, mzee amesimama kwenye kile kivuli chembamba cha nguzo ya stima. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia vizuri, "Marahaba, mwanangu," akaniuliza kazi hii ni ya nini. Nikamweleza kwa bidii kwamba ni kwa ajili ya watu wanaokwenda kwa miguu.

Akanitazama. "Hao ni kina nani, mwanangu? Maana hapa wendao kwa miguu ni sisi." Kisha, bila kunipandishia sauti: "Haya. Na mie nikae wapi?"

Nilijibu kitu kuhusu awamu ya pili. Hakukuwa na awamu ya pili.

Kwa hiyo: umbali wa jengo kutoka barabarani uwekeeni kikomo cha juu, msiishie kwenye kile cha chini, jengo lisogee mbele, maegesho yaende nyuma au yatumiwe kwa zamu za saa pamoja na msikiti na soko. Viwango vya chini vya maegesho hata Buffalo, New York, waliviondoa mwaka 2017. Baraza na paa la kivuli viandikwe kama sharti, na upana wake utajwe. Kioo kisiamriwe bila kuuliza jua litakipiga kutoka upande gani.

4. Ukitaja Sheria ya Upangaji ya 1996 kwenye rasimu nakurudishia bila kuisoma. Sasa ni ya 2019.

5. Muulizeni mwenye nyumba kama ardhi ni yake. Mombasa mtu anaweza kumiliki nyumba tu, ardhi chini yake ni ya mwingine, na masharti yenu yatamwangukia asiyeweza kuomba hata kibali cha ujenzi.

6. Mikokoteni ina upana. Kaipimeni.

7. Mlioniuliza kuhusu utekelezaji: mwaka jana mwenye lile jengo aliziba nafasi ya nne ya maegesho kwa mnyororo, akaweka benchi na turubai. Sasa magari ni matano, kinyume cha kiwango nilichokiandika mimi mwenyewe. Nikaletewa notisi ya ukiukaji niipeleke. Nilikwenda, nikakuta mzee amekaa, kahawa ikichemka, nikasogezewa kikombe. Notisi iko kwenye droo ya meza yangu, chini ya stapla. Msiiguse.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukutane stendi. Mje na futi kamba na maji ya kunywa, na wewe wa duara, uvae viatu vya kutembelea.