Kabla Hujamwambia Mwenzio Miksi Yake Imekufa

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alichomeka simu kwenye spika zetu pale chumba cha mazoezi, akapiga wimbo wake mpya, kisha akageuka: "Wakubwa, mnaionaje?" Wa kwanza akasema kali. Wa pili akasema moto. Wa tatu, aliyekuwa muda wote akibadilisha nyuzi za gitaa lake, akasema ongeza besi. Kijana akaenda nyumbani akaongeza besi. Sasa kiki, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, haisikiki, na ananiuliza mimi kwa nini.

Huyo ni kijana wa tatu kuharibiwa wimbo na maoni ya ovyo tangu mwaka uanze. Sisi wa roki hapa Nairobi tu wachache, na wengi hatuna pesa ya kumlipa prodyuza. Tunamiksi wenyewe, yaani tunapatanisha ala na sauti zote za wimbo, vyumbani, usiku, majirani wakigonga ukuta. Masikio ya rafiki ndiyo studio yetu ya pili, na huniuma nikiona yanatumiwa ovyo. Haya, wadogo zangu, sikilizeni.

1. Usiulize "mnaionaje". Uliza, "Kwenye kiitikio cha pili, maneno yanasikika juu ya gitaa?" Ukiuliza kwa jumla utajibiwa kwa adabu tu, maana wanakupenda na wanajua umekesha.

2. Sawazisha sauti kabla ya kulinganisha. Hapa niacheni nikae kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita mpiga gitaa mmoja, kijana mpole sana, aliniletea miksi yake ya kwanza. Ngoma, pamoja na snea (ile ndogo yenye waya chini), alizirekodi kwa maikrofoni nne za kuazima. Nami nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza masta (toleo la mwisho la kutoa) ya bendi nyingine, bado iko wazi kwenye kompyuta, imebanwa na limita, ile inayokata vilele vya sauti ili wimbo wote upande, hadi -8 LUFS (ukubwa wa sauti kwa desibeli; ikikaribia sifuri, kelele huzidi). Yake ilikuwa kama -17. Nikapiga yangu, nikapiga yake, bila kugusa kitufe cha sauti. Desibeli tisa nzima! Watafiti Fletcher na Munson walishaonyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio huisikia besi kwa shida, na hata zile sauti nyembamba za juu kabisa hufifia. Nilikuwa nalijua hilo. Nimewafundisha wengine kwa mdomo wangu huu. Lakini siku ile nilikuwa na haraka, nikamwambia, "Miksi yako imekufa, mdogo wangu. Snea haina nguvu, besi hakuna. Ibane."

Hakubisha. Alitoa daftari, akaandika neno moja: *ibane*.

Baada ya wiki mbili akarudi. Kompresa, nayo hubana sauti kubwa ikaribiane na ndogo, kwenye kila traki, limita juu ya limita, mpaka -7. Snea ilisikika kama mtu anayegonga kadibodi. Matoazi yalizama kila kiki ilipopigwa, kisha yakapanda tena, kama pumzi za mgonjwa wa pumu. Nikamuuliza, ile ya kwanza iko wapi? Akasema diski ilijaa, kwa hiyo alihifadhi traki zilizobanwa, za mwanzo akazifuta. "Si ulisema imekufa, kaka?"

Kilichobaki kilikuwa ile MP3 aliyonitumia kwa WhatsApp. Usiku ule nikaiingiza kwenye kompyuta, nikapandisha sauti ya spika kwa desibeli tisa, sikufanya kingine. Snea ilikuwa na ngozi na waya zake, na nyuma yake unausikia ukuta wa chumba walichorekodia. Kabla ya kiitikio cha mwisho mpiga ngoma anachelewa kidogo kuangusha mkono, na kimya kile kifupi kinakushika shingo. Kwenye toleo lililobanwa kimya hicho hakipo. Kimejaa mvumo wa ampu. Ilikuwa kazi nzuri kuliko ile masta yangu niliyoipima nayo. Asubuhi nilimpigia nikamwomba msamaha. Akasema hakuna neno. Lakini wimbo ulikuwa umeshatoka, maikrofoni zimesharudi kwa wenyewe, na mpiga ngoma amehamia Mombasa kikazi. Bado ninayo ile MP3. Huwapigia wanaoanza, kisha nawaeleza ilivyokuwa.

Kwa hiyo, shusha ile yenye kelele mpaka ilingane na nyenzake, ndipo ufungue mdomo.

3. Taja dakika, na useme ulisikia nini. "Kwenye 1:42 besi na kiki zinagombana" ni maoni. "Haijakaa poa" si maoni. Taja pia unasikilizia nini: sabwufa ya matatu huongeza besi ambayo mwenzio hakuiweka, na eafoni za bei rahisi huificha ile aliyoiweka.

4. Ukipewa maoni, nyamaza uandike. Usianze kueleza kwamba stima ilipotea au ampu ni mbovu. Atakayeusikia wimbo huo akiwa Kisumu hutakuwa naye kumweleza. Kisha tazama vidole vinaelekea wapi. Dada mmoja anayepiga besi aliambiwa na mtu wa kwanza apandishe sauti ya mwimbaji, na wa pili apunguze matoazi, na wa tatu kwamba masikio yanachoka. Alikaribia kulia, kwa sababu alidhani wanapingana. Wote watatu walikuwa wanazungumzia kiitikio. Tukapunguza gitaa mbili kwa desibeli tatu hivi karibu na hezi 3,000 (hezi hupima sauti ni nene au nyembamba kiasi gani), mwimbaji akatokea mbele, na hakuna aliyelalamika tena. Mahali walipaona sawasawa. Dawa ndiyo hawakuijua.

5. Ukitaka gitaa lisikike pana, lipige na kulirekodi mara mbili, kila upande na traki yake. Ukinakili traki moja ukaichelewesha kidogo upande wa pili, kwenye simu ya spika moja hizo mbili zitakutana na kufutana, na gitaa litakuwa jembamba.

6. Kata gitaa chini ya hezi 80, uiachie besi nafasi yake. Miksi kwa sauti ya mazungumzo, masikio yasichoke mapema. Hifadhi kila toleo na tarehe yake, na traki za mwanzo usizifute hata diski ikijaa. Azima diski. Njoo uazime yangu.

Na wewe wa Jumamosi, rudisha besi ilipokuwa. Lete matoleo yote mawili, na swali moja tu. Nitayasawazisha mwenyewe mbele yako, kisha tutasikiliza kiki.