Mshipa umebana mshipa gani?

SWALI: Mama ana presha ya mapafu kwa miaka mingi. Juzi sauti ikamkauka, tukaambiwa "mshipa wa mapafu umetanuka, umebana mshipa wa sauti". Shangazi akacheka, eti mshipa ni ugonjwa wa wanaume. Hii mishipa miwili ni kitu kimoja? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Shangazi ana haki ya kucheka. Huko kwenu ukisema fulani ana mshipa, watu wanaelewa busha. Neno hili limebebeshwa mizigo mingi mno.

Mishipa ya mama ni miwili, na haifanani. Wa kwanza ni mshipa wa damu: ateri ya mapafu, itokayo moyoni kwenda mapafuni. Presha ikikaa humo miaka, ukuta hulegea na ateri hutanuka. Wa pili haupitishi damu. Ni mshipa wa fahamu, yaani neva, unaoziamrisha nyuzi za sauti. Ile ya kushoto ina safari ya ajabu: hushuka hadi kifuani, ikazunguka chini ya aota (ateri kuu itokayo moyoni kwenda mwilini), jirani kabisa na ateri ya mapafu, ndipo ikapanda tena kooni. Ateri ikitanuka sana, neva hubanwa hapo. Ni nadra. Norbert Ortner, daktari wa Vienna, alieleza mwaka 1897 wagonjwa wa moyo waliopwelewa na sauti kwa neva hiyo kubanwa, na hali hiyo ina jina lake hadi leo. (Kupwelewa, ndiyo, kama chombo kilichoachwa mchangani maji yakipwa. Mbona tumeliacha neno zuri hivi?)

Mimi ningeandika: "Ateri ya mapafu imetanuka na kubana neva ya sauti." Ukiona neva ni ngeni kwa mama, sema mshipa wa fahamu. "Mshipa wa sauti" uache, maana msikilizaji atadhani ni zile nyuzi zenyewe.

Tena angalia kitenzi mnapowasimulia ndugu. Kutanuka si kupasuka. Puto hutanuka kwanza. Likizidiwa ndipo hupasuka. Na kuna kuchanika: tabaka la ndani la ukuta wa ateri hutatuka, damu ikapenya kati ya matabaka, kama bitana inavyoachana na koti huku nje koti linaonekana zima. Hayo mawili ya mwisho hutokea kwa nadra, lakini ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Mama ameambiwa umetanuka. Asije akasikia kwa jirani kwamba umepasuka.