Mpigakura wa uchaguzi ujao bado yuko shuleni

Nimefanya kampeni za nyumba kwa nyumba katika chaguzi mbili, na wa kwanza tulishindwa vibaya. Chama chetu kilikuwa madarakani, kwa hiyo tulibisha hodi tukiwa na orodha ndefu ya tuliyoyajenga. Watu walitusikiliza kwa adabu, wakapokea vipeperushi, kisha wakatunyima kura. Mama mmoja aliniuliza mwanawe anayemaliza masomo mwaka unaofuata atafanya kazi gani. Sikuwa na jibu. Ilani yetu nayo haikuwa nalo.

Kosa hilo limewaangusha wakubwa kuliko sisi. Julai 1945, miezi miwili tu baada ya Ujerumani kusalimu amri, Winston Churchill aliyeiongoza Uingereza vitani alishindwa uchaguzi. Chama cha Labour, kilichoshindana naye, kilipata viti 393 bungeni. Ushindi wa vita watu waliuona, lakini mawazo yao yalikuwa kwenye nyumba, ajira na matibabu, na ilani ya Labour ilizungumzia hayo hasa. Huduma ya taifa ya afya ilianza Julai 1948, kabla hawajarudi kuomba kura tena.

Kwa hiyo, kama uko kwenye chama, anza na hesabu. Pale ambapo watu hupiga kura wakiwa na miaka 18 na uchaguzi ni kila baada ya miaka mitano, mtoto wa miaka 13 leo ni mpigakura wenu. Je, kuna anayejua anachokihofia?

Halafu ahadi iwe ya kupimika. Mwaka 1997 Labour, baada ya miaka 18 nje ya serikali, kiligawa kadi ndogo yenye ahadi tano. Mojawapo ilikuwa madarasa ya watoto wa miaka 5 hadi 7 yasizidi wanafunzi 30. Mzazi yeyote anaweza kuhesabu madawati. "Maisha bora" atayahesabuje?

Sisi tulianza upya mwaka mmoja baada ya kushindwa. Tulipita na madaftari, bila fulana wala vipaza sauti, tukaandika majibu kama yalivyosemwa, hata matusi. Ilani ikaandikwa kutokana na madaftari hayo, ingawa wazee wa chama walinung'unika sana. Tulishinda kwa kura chache. Mwaka uliofuata tukarudi kwenye milango ileile, safari hii kuuliza ni ahadi ipi imekwama.