Kugusa mara 17 si ushahidi kwamba bega ni bovu

Kaka, umesema mdogo wako anacheza futiboli ya Marekani chuoni, mstari wa mbele, ana kilo 140, na kwenye kipimo cha uimara wa mabega cha kabla ya msimu amegusa mara 17 tu, wakati walitaka angalau 21. Sasa ameambiwa mabega yake hayako imara. Nimefanya kazi ya usaidizi kwa wataalamu wa viungo wa timu ya chuo kule Marekani na nimewahesabia vijana wengi kipimo hicho. Usikubali hukumu hiyo haraka.

Kwa wasiokijua: tepu mbili zinabandikwa sakafuni, umbali wa inchi 36, yaani kama sentimita 91. Mchezaji anakaa mkao wa pushapu, kila mkono kwenye tepu yake. Mkono mmoja unavuka kugusa upande wa pili, unarudi, kisha mwingine. Unahesabu miguso ya sekunde 15. Anarudia mara tatu, katikati anapumzika sekunde 45, halafu unachukua wastani.

Hiyo 21 waliyomtajia haikutoka hewani. Utafiti mmoja wa mwaka 2014 uliwapima wachezaji 26 wa daraja la kwanza la vyuo, na alama ya 21 ilisaidia kuwatenganisha walioumia mabega msimu huo na wasioumia. Lakini 26 ni watu wachache mno, na si wote wenye mwili wa mdogo wako.

Hapo ndipo penye kiini. Mtu wa kilo 140 na mkimbiaji wa kilo 80 hawabebi mzigo mmoja. Ndiyo maana kuna hesabu ya pili: wastani wa miguso unazidishwa kwa asilimia 68 ya uzito wa mwili, makadirio ya uzito wa kichwa, mikono na kiwiliwili, kisha unagawanya kwa 15. Mdogo wako anapata karibu 108. Mwenye kilo 80 aliyegusa mara 25 anapata karibu 91. Nani dhaifu hapo? Urefu wa mikono nao una athari, maana tepu hazisogezwi kumfuata mtu.

Mimi huangalia zaidi mwili unavyofanya kazi kuliko idadi. Je, nyonga zinayumba kila mkono unapoinuka? Bapa la bega linachomoza mgongoni? Analalamika maumivu nyuma ya bega? Hilo la mwisho ni zito kwa watu wa mstari, kwa sababu kazi yao ni kusukuma mikono ikiwa mbele, na nguvu hiyo hulisukuma bega kuelekea nyuma, mpaka gegedu inayozunguka kikombe cha bega inaweza kuchanika. Wapo wanaonyanyua pauni 225 wakiwa wamelala chali kwenye benchi mara nyingi ajabu, lakini ukiwaambia wasimamie mkono mmoja wanatetemeka. Benchi inaushika mgongo, uwanjani hakuna kitu cha kuushika.

Kwa hiyo mwambie aombe mambo mawili. Kwanza, kipimo cha mkono mmoja mmoja, kile cha kunyoosha mkono pande tatu huku mwingine umeubeba mwili, kisha matokeo yalinganishwe na urefu wa mkono wake; kitaonyesha kama kulia na kushoto vinatofautiana, jambo ambalo hesabu ya miguso inalificha. Pili, aulize alama zake za mwaka jana. Kama alikuwa 17 na bado ni 17, bila maumivu, aendelee na mazoezi. Kama alikuwa 24, daktari wa timu amwone wiki hii hii.