Chombo Hakirudi Kitupu: Jibu kwa Dada Zangu wa Kwaya

Dada zangu, Bwana Yesu asifiwe.

Mmeniuliza kama ni kweli kwamba huku Minnesota, Marekani, watu wakitoka ibadani kila mmoja huingia kwenye gari lake na kwenda kula kivyake, na kwamba mgeni anaweza kusali nao mwaka mzima asiujue mlango wa nyumba ya mtu yeyote. Nitawajibu bila kuficha, maana mmoja wenu ana binti anayejiandaa kuja masomoni, nami sitaki aumie kama nilivyoumia mimi.

Hilo la pili ni kweli. Miezi kumi na minne ya kwanza sikukaribishwa nyumbani kwa mtu hata mara moja. Huku hakuna kupiga hodi ghafla. Watu hupatana siku na saa mapema, na wengi wetu tunaofanya kazi ya kutunza wazee huwa zamuni hata Jumapili. Kwa mtu aliyekulia Machame, Kilimanjaro, ambako ukimkuta jirani anapakua mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, unapewa bakuli kabla hujaeleza ulichofuata, hali hiyo niliihesabu kuwa ni kukataliwa, na niliilia sana.

La kwanza si kweli. Ukarimu wao wameuweka kanisani, katika ukumbi ulio chini ya jengo, wenye jiko kubwa na sufuria za kulisha watu mia. Hakuna mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada kama kwetu, lakini kahawa na keki hazikosekani, na siku maalumu kila familia huja na chakula chake kikapangwa kwenye meza moja ndefu. Utakuta nyama ya kusaga iliyookwa na supu ya uyoga ya kopo, juu yake vipande vya viazi, bila pilipili wala bizari. Kuelekea Krismasi baadhi ya sharika huandaa lutefisk, yaani samaki mkavu aliyelowekwa kwenye maji ya magadi makali hadi akawa laini mno, pamoja na lefse, mkate mwembamba wa viazi unaofanana na chapati. Harufu ya samaki huyo ilinishinda, mpaka bibi mmoja aliyeketi karibu nami aliponieleza kwamba wazee wake walikuja kutoka Norway wakiwa maskini, na chakula hicho ndicho walichobaki nacho cha kwao. Tangu siku hiyo namla.

Kosa langu kubwa lilikuwa mchicha wa karanga. Niliuweka mezani kwa furaha, na mama mmoja akauondoa haraka akiuliza kwa nini sikuandika kadi. Niliona ninadharauliwa mbele za watu. Baadaye nilielezwa kwamba usharikani kuna mtoto ambaye karanga kidogo tu zinaweza kumuua, ndiyo maana kila chombo huwekewa kadi inayotaja vilivyomo. Binti alijue hilo kabla hajapika chochote.

Baba alipofariki, nami nikakosa nauli ya kuja kumzika, hakuna aliyekuja kuketi nami matangani usiku kucha. Lakini walipanga zamu kwenye orodha, na kwa siku kumi na mbili nilikuta chakula cha moto barazani, theluji ikiwa imefika magotini. Chini ya kila bakuli la kioo palikuwa na kipande cha utepe mweupe chenye jina la mwenyewe, ili chombo kirudi. Nami, kwa jinsi tulivyolelewa, sikuweza kurudisha vyombo vya watu vikiwa vitupu. Nikatia sambusa katika kimoja, maandazi katika kingine, na nyumba ya tatu nikapeleka kiburu, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Mwenye nyumba hiyo alisimama mlangoni akilitazama bakuli lake, akaniuliza huliwaje, kisha akanivuta ndani. Ndiyo nyumba ya kwanza niliyoingia, na tulikula pamoja jikoni kwake tukiwa bado tumevaa makoti.

Ibada ya Kiswahili tunayo Jumapili ya mwisho ya mwezi, saa nane mchana. Wakongo huja na sombe, yaani kisamvu, Wakenya na sukuma wiki, sisi na pilau. Binti akifika anipigie simu mapema, nitampitia.