Maswali ya ardhi: Bikoni ninazo, ofisini hawanijui

SWALI: Habari yako mpima. Mwaka 2022 nilinunua eneo Mapinga kule Bagamoyo, shamba la mzee mmoja lilikatwakatwa viwanja vya 20 kwa 20 mi nikachukua viwili vinavyopakana. Dalali akaniambia usiondoke hivihivi dada, pima kabisa, akaniletea kijana kavaa kizibao cha chungwa na kale kamashine ka miguu mitatu, nikampa laki sita akachimbia bikoni sita za kuonyesha mipaka, zina namba kabisa, baada ya wiki mbili akanirushia wasap ramani ya rangi nzuri tu. Juzi nimeenda halmashauri kuulizia hati, wameangalia hamna kitu, kwao pale ni shamba! Kijana simu haipatikani. Nimetapeliwa au wao ndo hawajaingiza? (Mama Wawili, Tegeta)

JIBU: Pole sana dada yangu, umekutana na kishoka, yani mpima wa mtaani asiye na leseni. Na usijione mjinga, hao jamaa siku hizi wana vifaa kuliko hata sisi.

Iko hivi. Bikoni ni nondo na zege, mtu anaweza kuzimwaga uani kwake hata mia akazigonga namba anazotaka. Upimaji unaotambulika unaanzia mbali kabla ya hiyo zege: kwanza mchoro wa mipango miji wa eneo lote unapitishwa, mpima anapewa maelekezo ya kupima, anafunga vipimo vyake kwenye alama za upimaji zilizopo, anaweka bikoni, halafu hesabu zote na ramani zinapelekwa kukaguliwa, zikiwa safi ndo ramani inaidhinishwa kwa mamlaka ya Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani na inapewa namba ya usajili. Hiyo namba ndo afisa alikuwa anaitafuta. Na hati haiwezi kutoka bila hiyo ramani, hata uende na mbunge.

Ile yako ya rangi ni picha. Ramani zetu halisi kwa sura ni mbaya tu, mistari myeusi, namba za bikoni, vipimo vya kila upande na saini, yani ukiiona hutamani hata kuibandika ukutani.

Kinachonitisha zaidi sio laki sita, ni kwamba huyo kijana hakuwa na mchoro wa mipango miji, kwahiyo hakuna anayejua viwanja vyako siku eneo likipangwa vitaangukia wapi, labda makazi, labda barabara, labda uwanja wa shule. Ndo maana nakuomba usijenge ukuta kwa kufuata hizo bikoni. Nenda tena ofisi ya ardhi, safari hii usiulizie hati, uliza kama hilo eneo lina mchoro au kuna mpango wa kulirasimisha, kisha jikusanyeni wote mliomegewa kwa huyo mzee mtafute mpima mmoja mwenye leseni awapimie kwa pamoja, gharama inashuka sana. Mkataba wa mauziano na meseji za muamala wa kijana tunza, na polisi nenda, huo ni utapeli kama utapeli mwingine.

Na vifaa visikutishe wala kukuvutia. Kuna baba mmoja Kibaha aliniita nimhakikishie kiwanja, alishaonyeshwa na kijana mwenye GPS ya mkononi. Namba za kuonyesha mahali (koordineti) za kwenye ramani ya zamani ziko kwenye mfumo wa Arc 1960, GPS yenyewe ilikuwa imesetiwa mfumo mwingine, WGS84, na kijana hakujua kama kuna tofauti, tofauti yake huku kwetu ni karibu mita 300! Mzee wa watu kamwaga msingi mtaa wa pili kwenye kiwanja cha mtu. Na hata ukiiseti vizuri, hiyo GPS ya mkononi inapotea mita 3 mpaka 5 hivi, sasa kwenye kiwanja cha 20 kwa 20 mita 5 ni robo ya upana wako, ndo choo cha jirani kinaingia kwako.

SWALI: Mkuu mi nina diploma ya upimaji nilisoma Morogoro, leseni sina. Nakodi RTK (ile GPS ya wapima, ya usahihi wa sentimita) napima, bosi mwenye leseni anasaini ananikata chake. Mtaani wameanza kuniita kishoka, inaniuma. Ni kweli? (Fundi Sanifu, Kinyerezi)

JIBU: Inategemea bosi wako huwa yuko wapi wakati unapima. Fundi kufanya kazi chini ya mpima aliyesajiliwa ni jambo la kawaida kabisa, hata mi nina vijana na wengine wanashika mashine kuliko mimi. Lakini mimi ndo nimewatuma, nimeona hesabu zao, nikitilia shaka narudi saiti mwenyewe, na mteja mkataba kaandikiana na ofisi yangu.

Kama we ndo unatafuta kazi, unapatana bei, unapima, unachora, halafu unampelekea bosi baa asaini, hajui hata saiti iko wilaya gani, basi ndugu yangu mtaa haujakosea. Ila ningekuwa mi ndo mtaa ningeanza na yeye. Sheria ya kusajili wapima ya mwaka 1977 iliweka baraza la wapima, hili la NCPS, ili ramani ikiwa na kasoro kuwe na mtu wa kuulizwa, sasa yeye kaikodisha hiyo saini kwa bei ya bia na nyama choma. Vishoka wengi ninaowajua mimi wanajua kupima, wamesoma, kinachowaweka mjini ni hawa wazee wetu wenye mihuri. Najua wenzangu watanuna.

We bado kijana. Omba uingie kwenye kampuni iliyosajiliwa, kusanya uzoefu, jiendeleze Chuo Kikuu Ardhi ukiweza, ukifikisha vigezo kaombe usajili. Na mteja akikuuliza leseni usimjibu "ipo ofisini". Mwambie jina la anayesaini, akalihakikishe mwenyewe barazani.

SWALI: Huku kwetu mwenyekiti wa mtaa ndo anapima, ana futi kamba na mhuri. Eka anahesabu hatua 70 kwa 70. Ni halali? (Mnunuzi, Chanika)

JIBU: Mwenyekiti hata akishuhudia mauziano, kupima sio kazi yake, mhuri wake hauzai ramani. Hizo hatua sasa: 70 kwa 70 zinatoka kwenye yadi, yadi za mraba 4,900, na eka ni 4,840, kwahiyo kwa yadi inakaribia. Ukitumia mita 70 unapata mita za mraba 4,900 wakati eka ni kama 4,047, muuzaji kakuongezea viwanja viwili vya 20 kwa 20 bila kujua. Ila akipiga hatua mtu mfupi, hatua ya sentimita 75 hivi, unaondoka na kama 2,750 na umelipia eka nzima. Kwa hiyo kabla hujatoa hela mwangalie miguu anayepima.