Huko mbali ni kwangu

Dada, asalaam aleikum. Sauti uliyonitumia niliisikiliza kazini nikaikata katikati, na si kwa kiburi. Umeniambia nije nimchukue mwanangu, ati kwa sababu huku Miami mtu aliyefungwa kwa kunajisi watoto haruhusiwi kukaa karibu na shule, serikali imeshamsogeza mbali. Aliyewaambia hayo, mlimuuliza mbali ni wapi?

Mbali ni kwangu.

Jimbo la Florida linasema futi 1,000. Kaunti ya Miami-Dade ikaona hazitoshi, ikaweka 2,500 kutoka shuleni, kama mita 762 hivi. Hebu chora duara la ukubwa huo kwenye kila shule ya Malindi, Shela, Barani, Maweni, Muyeye, uone utabaki na nini zaidi ya bahari. Huku ni hivyo hivyo. Kuna miaka watu hao walilundikana kwenye mahema chini ya daraja la Julia Tuttle. Mwaka 2010 wakaondolewa, wengine baadaye wakaishia kando ya reli, nako wakaondolewa. Nje ya maduara kumebaki maghala, reli na vyumba rahisi, na vyumba rahisi ndivyo tunavyovikimbilia sisi. Nilipopata changu nilifurahia kodi tu. Sikujiuliza mbona sisikii kengele ya shule.

Kisha mwenzangu wa kazini akanifungulia tovuti ya jimbo. Unaandika anwani yako, sura za watu hao wanaokaa jirani zinatokea. Mmoja ni jirani aliyenisaidia kupandisha godoro.

Jumapili nikamkuta pale tunapofulia nguo. Ameketi sakafuni, mguu kaunyoosha ukutani, waya umetoka kwenye soketi mpaka kwenye kifundo. Anachaji kile kidude cha kumfuatilia. Hakuniangalia. Nilisimama na kikapu changu, sijui nimwonee huruma au niondoke. Niliondoka, nguo zikiwa mbichi.

Basi ndiyo nimlete mtoto alale ukuta mmoja na huyo? Na futi hizo zinapima kitanda cha mtu tu. Mchana anapita njia ninayopita. Halafu anayemdhuru mtoto mara nyingi ni mtu anayemjua, wa nyumbani au jirani, ambaye hajawahi kushtakiwa, na huyo hayumo kwenye tovuti yoyote.

Nyinyi mnalijua hilo kuliko mimi. Yule fundi baiskeli wa hapo mbele, aliyemnajisi yule msichana, wazee walikaa barazani wakayamaliza kwa pesa na mbuzi. Kenya ina sheria tangu 2006: aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini ni kifungo cha maisha. Nimeisoma, mbuzi hatajwi. Leo bado anaziba pancha, na mwanangu anampa shikamoo kila asubuhi. Mfuateni mama wa yule msichana, mwende naye kituoni. Najua utasema ni rahisi kwangu kusema nikiwa huku. Ni kweli, ni rahisi.

Na wewe unayeandikisha wageni pale gesti: tangu sheria ya 2016, Mmarekani aliyemo kwenye sajili ya wahalifu hao kwa kosa la mtoto huandikiwa ndani ya pasipoti. Usiangalie picha tu, fungua kurasa zote. Ila wageni wenu wengi ni Waitaliano, na hiyo ni pasipoti ya Marekani peke yake. Kwa hiyo fungua, lakini usilale.

Usimlete. Makaratasi yenyewe ya kumleta tusiyaguse leo. Lakini kama kweli umechoka, dada, kumlea miaka sita si mchezo, niambie waziwazi, nitahama hapa hata kama nitakula wali mtupu mwaka mzima. Usiniambie habari za serikali. Niambie umechoka.

Karo naituma Ijumaa. Kwa yule fundi mwanangu asikanyage tena. Baiskeli ikipata pancha, aikokote mpaka nyumbani.